Kutoka Oli Hadi Manibe: Jinsi Tulivyotafuta Kiwanja cha Kwanza



Ndugu zetu wazazi, tangu Ramadhani iliyopita tumekuwa tukiulizwa swali moja mlangoni mwa madrasa: "Ustadhi, kiwanja mlikipataje, na sisi twende wapi?" Wanaouliza ni watu wa hali yetu, wapangaji wa vyumba viwili wenye watoto wanne au sita, ambao kila mwaka mwenye nyumba huwapandishia kodi. Wengi tumewajibu kwa kifupi, tumesimama na viatu mkononi. Leo tujibu kwa kirefu kidogo. Tunaposema sisi, ni mwalimu na mama watoto, kwa sababu jambo hili tulilifanya wawili. Na pale ambapo yeye ndiye aliyeona tusichokiona, tutasema wazi.

Tuliishi Oli, upande wa Pangisha, miaka kumi na mmoja. Anayejua Kiswahili haambiwi maana ya jina hilo. Oli ni pazuri kwa Muislamu wa Arua. Adhana ya alfajiri inaingia dirishani, Kinubi na Kiswahili vinasikika barazani, mtoto akipotea analetwa nyumbani kabla ya magharibi. Hatukuhama kwa kupachukia. Vita vya Sudan Kusini vilipoanza Desemba 2013, na vilipolipuka tena Julai 2016, watu wengi walikimbilia West Nile, mashirika yakaja na magari yao, na vyumba vya mjini vikawa vya kugombania. Wakimbizi hatuwalaumu. Wazee wetu nao walikimbilia Congo na Sudan baada ya 1979, wakapokelewa. Kisha Julai 2020 Arua ikawa jiji. Kwetu sisi jiji lilianza kwa mwenye nyumba kuja na kodi mpya. Mambo mengine ya jiji tuliendelea kuyasubiri.

Asili yetu ni Koboko, na ndugu walituuliza kwa nini tununue ardhi ya watu huku Ayivu na ardhi ya babu ipo bure. Jawabu letu lilikuwa kwamba riziki yetu iko hapa, wanafunzi wako hapa, na ardhi ya babu sasa ina wajukuu wengi kuliko hatua zake.

Njia ya mkopo tuliitazama tukaiacha. Mkopo wa kawaida una riba, na hukumu yake hatuna haja ya kukumbushana. Sheria ya mabenki ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2016 ili kuruhusu shughuli za benki za Kiislamu, na Salaam Bank ikapata leseni mwaka 2023, ikawa ya kwanza. Lakini mwalimu wa madrasa analipwa kwa ada za wazazi, mwezi huu hivi na mwezi ujao vile, na karatasi ya mshahara hana. Tukabaki na upatu, na chapati ambazo mama watoto alikuwa akizipika tangu saa kumi za usiku. Ilituchukua miaka saba kufikisha shilingi milioni tatu.

Mtu mwenye milioni tatu hachagui eneo, eneo ndilo humchagua. Tulizunguka kwa bodaboda Jumapili tatu. Muni tulirudi haraka, maana tangu Chuo Kikuu cha Muni kilipofunguliwa mwaka 2013 kila mwenye shamba pale anawaza kujenga vyumba vya wanafunzi. Tukaoneshwa kiwanja kwenye mteremko wa kuelekea mto Enyau, bei nafuu sana, kijani kizuri, na ilikuwa kiangazi. Sisi wanaume tulikipenda. Mama watoto akauliza kwa nini jirani amepanda magimbi na miwa. Palipo na magimbi maji hayako mbali, na sheria haituruhusu kujenga kwenye ardhi oevu, hata kama muuzaji ana karatasi kumi. Tukaondoka.

Ikabaki barabara ya Koboko. Tangu ile ya Vurra, Arua, Koboko mpaka Oraba, kilomita 92, ilipotiwa lami, mtu anaweza kukaa Manibe na kufanya kazi mjini. Viwanja vinavyogusa lami ni vya wenye nazo. Ukipita Ombaci ukaingia ndani, bei inashuka kwa kila hatua ya mguu. Sisi tuliingia mwendo wa dakika ishirini.

Hapo ndipo tulipopata kile kiwanja cha kwanza, na hiki ndicho hasa tunachotaka kuwaeleza.

Kilikuwa futi 50 kwa 100, juu, pakavu, kwa milioni mbili na nusu. Muuzaji alikuwa kijana, mpole, akitaka fedha kabla ya Ijumaa. Karatasi ya mauziano ilikuwa tayari, na muhuri umeshapigwa. Dalali alituambia wako watu wawili wengine wanakuja kesho, tukampa laki tatu za kukishikilia. Tulikuwa tukipima kwa kamba mama watoto alipouliza, "Muhogo huu ni wa nani?" Kijana akasema ni wa nyumbani tu. Mara akatokea mwanamke na jembe begani, na mtoto nyuma yake. Akatuuliza tunapima nini.

Alikuwa mjane wa kaka yake yule kijana. Ana watoto watatu. Kaburi la mumewe lilikuwa pale pale, chini ya mwembe, saruji yake bado haijabadilika rangi. Hakuna aliyemwambia kwamba shamba linauzwa. Kijana akasema, mbele yake, kwamba huyu ni wa kuolewa tu, ardhi ni ya ukoo. Dalali akatuvuta pembeni: "Ustadhi, saini ipo, muhuri upo. Mambo ya wanawake watayamaliza wenyewe."

Tukiri jambo. Usiku ule tulitafuta sababu za kununua, na mtu aliyesoma fiqhi hakosi sababu. Tulisema hawa si Waislamu, mirathi yao haifuati sheria yetu. Tulisema tusiponunua sisi atanunua mwingine, na mjane hatapata faida yoyote. Tulisema karatasi ni halali mbele ya serikali. Hilo la mwisho hata halikuwa kweli. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inabatilisha uamuzi wa kimila unaowanyima wanawake, watoto au walemavu haki yao katika ardhi, na hairuhusu ardhi ambayo familia inaishi au kula kwayo iuzwe bila ridhaa ya mume au mke. Mama watoto hakubishana na fiqhi wala sheria. Aliuliza tu, "Lile kaburi tutakuwa tunalipita kila siku tukienda chooni?"

Tumewafundisha watoto wenu miaka mingi hadithi ya mwenye kudhulumu shibri moja ya ardhi, na jinsi atakavyofungwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama. Wanaipenda, wananyoosha vidole kupima shibri. Usiku ule haikuwa hadithi ya watoto. Tukahesabu shibri ngapi zimo katika futi 50, tukaacha.

Katika zile laki tatu dalali alirudisha laki moja. Nyingine alisema ni ya mafuta na usumbufu.

Baada ya hapo tulibadilisha namna ya kuuliza. Zamani tukifika mahali tulikuwa tunauliza bei kwanza, halafu maji, halafu barabara. Sasa tukaanza kuuliza: nani analima hapa, nani amezikwa hapa, na nani katika ndugu hajaambiwa. Na tukakumbuka mlango wa fiqhi ambao wengi tunauruka darasani kwa kudhani ni wa Waarabu wa kale, mlango wa shufaa. Kwa ufupi, mwenye sehemu katika ardhi ambayo haijagawanywa haiuzi kwa mgeni kabla hajamjulisha mshirika wake, na mshirika ana haki ya kuichukua kwa bei ile ile. Kwetu Mashafii haki hiyo ni ya mshirika. Mahanafi wanampa na jirani. Imamu Bukhari amepokea kisa cha Abu Rafi', aliyekuwa na vyumba viwili katika boma la Saad bin Abi Waqqas. Saad alikataa kutoa zaidi ya dirham 4000, tena kwa mafungu. Abu Rafi' alikuwa ameshapewa dinari 500 na mtu mwingine, lakini akampa Saad, kwa sababu alimsikia Mtume (S.A.W.) akisema juu ya haki ya jirani. Sahaba aliacha fedha nyingi zilizo mkononi akachukua kidogo kwa mafungu.

Basi mwezi wa tatu baadaye mfyatua tofali mmoja, ambaye mwanawe anasoma kwetu, alitupeleka kwa mzee mwenye kiwanja ndani kidogo zaidi. Mzee hakutaja bei. Alisema, "Njooni Jumamosi, ndugu zangu wakae kwanza." Jumamosi tukakuta watu kumi na wanne chini ya mwembe. Kwa desturi mnunuzi huleta kinywaji kwa wazee. Sisi tulileta soda, majani ya chai na kilo nne za sukari, na mzee mmoja alinung'unika kwamba huyu mgeni ataharibu mila. Wakacheka, wakanywa soda.

Kisha yule mzee akawauliza wenzake kwa Kilugbara, tukatafsiriwa: nani kati yenu anakitaka kabla hakijatoka? Mdogo wake akasema anakitaka, apewe hadi mwisho wa mwezi atafute fedha. Tulirudi nyumbani na milioni zetu tatu na moyo mzito. Lakini hatukuweza kulalamika, kwani hiyo ndiyo shufaa tuliyokuwa tunaisomesha, isipokuwa hawa hawakuisoma popote. Siku ya tarehe thelathini yule mdogo alikuja madrasani kwa baiskeli, mwenyewe, kutuambia kwamba ameshindwa na hana kinyongo.

Tukapima. Upande wa juu ulikuwa futi 46, si 50, na mzee akapunguza bei bila kuombwa. Tukakubaliana milioni tatu na laki sita, tatu taslimu na laki sita kwa miezi kumi, bila kuongezeka hata shilingi moja tukichelewa. Mke wa mzee aliweka dole gumba, wanawe wakubwa wakasaini, majirani wa pande zote nne wakatembea mpakani nasi, na mwenyekiti wa LC1 akapiga muhuri mwisho, si mwanzo. Katika karatasi kuna majina mawili upande wa mnunuzi. Ndugu mmoja wa msikitini alitutania kwa hilo. Tulimjibu kwamba nusu ya kiwanja ni chapati.

Kosa letu moja msilirudie. Ofisi ya mipango ya jiji tulikwenda baada ya kulipa, kuuliza kama kuna barabara iliyochorwa kupita pale. Alhamdulillah haipo, lakini tulilala vibaya siku nne. Na hati ya umiliki wa kimila, ambayo Sheria ya Ardhi inaitoa kupitia kamati ya ardhi ya eneo na kisha bodi ya ardhi, bado hatujaiomba. Hiyo ni kazi ya mwaka huu, insha'Allah.

Bei nafuu ina gharama zake. Pampu ya maji iko mwendo wa dakika kumi na tano, na foleni ya jerikani inaanza alfajiri. Bodaboda ya kwenda na kurudi mjini inakula kile tulichookoa kwenye kodi, si chote, lakini inakula. Msikiti uko mbali. Alfajiri tunaswali nyumbani na watoto, na Ijumaa tunashuka mjini. Mtoto wetu wa tatu aliuliza wiki ya kwanza kwa nini huku hakuna adhana. Sasa anaadhini yeye, mlangoni, na sauti yake si nzuri.

Majirani ni Wakristo karibu wote. Mmoja anafuga nguruwe, na tunalisema kwa sababu mnatuuliza kwa kunong'ona. Siku mbili za mwanzo walipita uani kwetu. Tulikwenda kumsalimia na chapati, tukamweleza shida yetu ya tohara mahali pa kuswalia. Akawahamishia upande wa pili wa nyumba yake na kuwafunga kamba. Mama watoto alipougua malaria mwezi wa sita, mke wa jirani huyo ndiye aliyetuchotea maji siku nne.

Nyumba yenyewe imefika madirishani, chumba kimoja na sebule, tofali za kuchoma. Tunalala katika kibanda cha mabati pembeni. Mafungu matatu bado tunadaiwa.

Njia yetu ya kwenda lami inapita karibu na lile shamba la muhogo. Mwezi uliopita tuliona vigingi na kamba upande wa juu. Nusu imepata mnunuzi. Nusu ya chini, yenye mwembe, mama yule bado anailima. Tunasalimiana. Tunanunua muhogo kwake, na mara ya mwisho alizidisha vipande viwili, tukavirudisha, akakataa kuvipokea.

Wazazi wanaotaka kuja kuona eneo, waje Jumapili baada ya adhuhuri, tutawasubiri pale lami inapoachana na njia ya ndani. Msivae viatu vizuri.

Wabillahi tawfiq.