Safari ya Mirihi Ina Msimu Wake

Babu yangu alikuwa nahodha wa jahazi hapa Mikindani. Ukimwuliza Unguja ni mwendo wa siku ngapi, naye atakuuliza: mwezi gani? Kusi ikivuma inakupeleka. Kaskazi ikishika, maji ni yale yale lakini safari ni nyingine.

Mimi sikurithi jahazi wala hamu ya hesabu. Nilipomaliza kidato cha nne nilifunga daftari nikaona nimepumzika. Na habari za anga nilizihesabu kuwa za wenye roketi.

Kilichonigeuza ni redio, Julai 2020. Tarehe 20 Falme za Kiarabu zimerusha chombo chao Al-Amal kwenda Mirihi. Tarehe 23, China imetuma Tianwen-1. Tarehe 30, Marekani na Perseverance. Nchi tatu, mwezi mmoja! Nikajua huu ni msimu, na nisingetulia mpaka niujue.

Nikajifunza kwamba chombo hakilengwi pale Mirihi inapoonekana. Injini huwaka muda mfupi, kisha chombo huachiwa kilizunguke Jua kama sayari ndogo, katika njia ya duaradufu inayogusa njia ya Dunia upande huu na ya Mirihi upande wa pili. Muda wake unapatikana kwa kanuni aliyoitangaza Kepler mwaka 1619. Umbali wa Dunia kutoka kwenye Jua ni 1, wa Mirihi 1.52, wastani 1.26. Zidisha 1.26 × 1.26 × 1.26, unapata 2. Kipeuo chake cha pili ni 1.41, ndiyo miaka ya mzunguko mzima. Nusu yake ni siku 258 hivi. Usiku nilioipata hesabu hiyo kwa mkono wangu, usingizi haukuja kwa furaha.

Katika siku hizo Mirihi nayo inatembea nyuzi 135. Basi siku ya kuondoka lazima Mirihi iwe mbele yetu kwa nyuzi 45, na hali hiyo hurudi kila baada ya miezi 26. Perseverance ilisukumwa kwa nguvu zaidi, ikatua tarehe 18 Februari 2021, baada ya siku 203 na kilomita milioni 471. Na Oktoba 2020 Mirihi ilikuwa kilomita milioni 62 tu kutoka kwetu!

Siku hizi jioni vijana wa mtaani huja barazani na madaftari. Binti mmoja aliuliza: na kurudi je? Tukakokotoa pamoja. Watu wakienda kwa njia hii watangoja kule zaidi ya mwaka mpaka Dunia ikae mahali pake. Kwenda na kurudi ni karibu miaka miwili na miezi minane. Alinyamaza, akauliza watakula nini. Swali hilo nalithamini kuliko hesabu zangu zote.

Sasa tupo kwenye Zuhura. Wastani ni 0.86, na binti yule ameshapata siku 146.