Ng'ombe Asiye Kamba

Ndugu msomaji, ukisikia Kengeja, nawe si Mpemba, huenda kitu cha kwanza kukujia ni mchezo wa ng'ombe. Husemwa tuliachiwa na Wareno waliokuja pwani hii karne ya 16, lakini sisi tumeshaufanya wetu. Pana ngoma na zumari, pana kina mama wamejitanda kanga mpya wanaimba, na pana ng'ombe mwenye nundu, kafungwa kamba, anachokozwa kwa kitambaa na vijana wanaojiona wana roho saba. Ng'ombe hauawi. Mchezo ukisha anarudi kwao, na kesho pengine utamkuta anavuta gari la mchanga.

Hiyo ndiyo picha niliyoichora, ubao wa futi mbili kwa mbili. Kipimo hicho sikukibuni mimi. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam, 1968, alitumia vipande vya hadibodi vya kadiri hiyo na rangi ya kung'aa, ile ya kupakia baiskeli, maana ndivyo vilivyopatikana. Wako wanaolalamika kwamba sanaa ile iliharibiwa baadaye na maduka ya watalii. Mimi siafiki. Tangu mwanzo picha zile ziliwekwa Morogoro Stores, Oyster Bay, zikimngoja mgeni mwenye pesa. Mwenyewe alipigwa risasi na polisi 1972, akafa. Jamaa na wanafunzi wake wakaendelea, na 1990 wakaunda ushirika. Wengi wakahamia kwenye kitambaa, ili mgeni aikunje picha ailaze katika sanduku lake. Sanduku la mgeni, ndugu zangu, limeamua mengi katika sanaa yetu!

Basi. Mwenye duka mmoja wa Mji Mkongwe, Unguja, aliiona picha yangu kwenye simu ya mtu, akanipigia. Alitaka fulana, vikombe, na visumaku vya kubandika kwenye friji.

"Dada, picha nzuri, lakini ina watu wengi mno. Ipunguze."

Pesa alizotaja zingetosha kuezeka upya chumba cha mama, ambacho masika yote tulikuwa tukitega mabeseni. Nikakubali kuipunguza.

Sasa kupunguza huko si kama kukata kitambaa kwa mkasi. Fulana hupigwa chapa kwa fremu, na kila rangi ina fremu yake na gharama yake. Picha yangu ilikuwa na rangi kumi na moja. Yeye alikuwa tayari kulipia tatu. Kina mama, ambao nilimpa kila mmoja kanga yake, wote wakavaa nyekundu kama wa harusi moja. Hilo halikuniuma. Nilijifunza hata kwamba nundu haihitaji kivuli, mstari mmoja mweusi watosha, na nadhani ng'ombe wa fulana ana nguvu kuliko wa ubaoni.

Kikombe ndicho kilichonihangaisha. Picha inakizunguka, na mtu anayekunywa chai huona upande mmoja tu. Nikimweka ng'ombe mbele, wanaoshika kamba wanaangukia nyuma, karibu na mkono wa kikombe. Kwa anayetazama, ng'ombe kafunguka.

"Si ndiyo vizuri?" akasema yule bwana. "Toa kamba kabisa. Na kwenye sumaku weka kichwa tu, na kitambaa chekundu. Mtalii anaelewa upesi."

Anaelewa nini? Sumaku yenyewe kama kibiriti. Ondoa kamba, ondoa nundu, tia kitambaa chekundu: hapo umebaki na ng'ombe wa Hispania, yule anayechomwa panga mpaka afe, na chini yake pameandikwa Zanzibar. Kwetu kamba ndiyo mapatano yenyewe, kwamba ng'ombe atarudi kwao na kijana atarudi kwao.

Nilimweleza mama. Hakutaka hotuba.

"Mwanangu, ng'ombe asiye kamba hatumwimbii, twamkimbia. Na hao wanaoshika kamba ni kina nani? Si ami zako?"

Nikakumbuka kanga. Yule aliyebuni kanga alishalimaliza tatizo hili zamani: pindo kandokando, mji katikati, jina chini. Kamba nikaifanya pindo. Kwenye kikombe ikazunguka ukingo wote, ikashuka mpaka shingoni mwa ng'ombe. Kwenye sumaku ikapita pembe zote nne. Popote utakaposhika, kamba ipo.

Fulana na vikombe akavichukua. Sumaku akampa mchoraji mwingine, na nimeiona: ng'ombe hana nundu. Mabati tukapata ya nusu ya chumba, na mabeseni yakabaki upande wa dirishani.

Kuhusu jina langu, alisema linakula nafasi. Zanzibar ina Sheria ya Hakimiliki tangu 2003, na mwenye kazi ndiye mwenye kuruhusu kazi yake igeuzwe. Lakini sheria haikusindikizi mpaka dukani. Hata zile kanga za Mombasa zenye chapa ya "Mali ya Abdulla", tunamjua mfanyabiashara. Aliyechora korosho ile, nani anamtaja? Baada ya kuvutana sana yakaandikwa maneno mawili, "Kengeja, Pemba", madogo, chini ya kwato. Mimi simo.

Hivi sasa nachora kina mama peke yao, midomo wazi, mikono juu, rangi tatu. Nimempelekea mfano kwa simu. Ameshaniuliza ng'ombe yuko wapi.