Mafungu Kumi na Mawili

Mama yangu hanunui nyama ya bucha mwezi wa Desemba. Alianza msimamo huo mwaka 2018, habari zilipoenea Uganda nzima kwamba wauza nyama kadhaa wa Kampala wamekamatwa kwa kutia nyama formalini, dawa ile ya kuhifadhia maiti, ili isioze na inzi wasiiguse. Sisi tunaishi Mbarara, mbali na Kampala, lakini habari ya nyama husafiri haraka kuliko nyama yenyewe. Mama alisema kwa Kinyankore maneno ambayo kwa Kiswahili ningeyaweka hivi: "Krismasi nitakula ng'ombe niliyemwona akitembea."

Ndivyo kilivyozaliwa kikundi chetu cha nyama. Vikundi vya namna hii viko vingi kwetu. Majirani wanachanga kidogo kidogo mwaka mzima, Desemba wananunua ng'ombe mmoja, anachinjwa na kugawanywa. Chetu kina nyumba kumi na mbili, Wakristo na Waislamu, na mchango ni shilingi 4,000 kwa wiki. Kwa kuwa mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu, nilifanywa katibu. Niliwaeleza kwamba ninasoma Kiswahili na fasihi, si uhasibu. Hawakuona tofauti.

Mwaka ninaousimulia tulichanga wiki 46, kila nyumba ikawa na 184,000, na jumla yetu ikawa 2,208,000. Fedha hizo zilikaa katika sanduku la bati lenye makufuli mawili. Funguo moja alikuwa nayo Mama, nyingine alikuwa nayo Hajati wa nyumba ya tatu. Miongoni mwetu kulikuwa na mjane anayeuza chapati na kijana mwendesha bodaboda ambaye mara mbili alilipa mchango wake kwa sarafu tupu. Nawataja ili ujue, msomaji, fedha ile ilikuwa ya nani.

Binamu yangu anaishi Waltham, mji wa Marekani wenye Waganda wengi. Nilipomsimulia kwa simu kazi yangu ya ukatibu alicheka sana. Alisema huko nako watu wanaungana kununua ng'ombe nusu au robo moja kwa moja shambani, wanajaza friza, na wanalipa zaidi kwa sababu ng'ombe huyo amekula nyasi na hakutiwa homoni. Kwao hilo ni jambo la kutangazwa, kwani ng'ombe wengi wa nyama wa Marekani humalizia miezi yao ya mwisho zizini wakilishwa mahindi, na sheria inaruhusu kuwapandikiza kidonge cha homoni chini ya ngozi ya sikio ili wanenepe upesi. Nchi za Umoja wa Ulaya zimelikataza jambo hilo. "Ninyi mnakula bure kitu ambacho sisi tunakilipia," akaniambia.

Nilijivuna. Kwetu Ankole ng'ombe anakula nini tena kama si nyasi? Wale wenye pembe ndefu unaowaona katika picha za watalii huchunga mwaka mzima, kiangazi na masika, na mahindi tunakula sisi wenyewe. Nikarudi kwenye kikundi nikatangaza kwamba nyama yetu ni ile ambayo Wamarekani wanaitafuta kwa tochi. Mama aliipenda kauli hiyo, akaongeza yake: "Na haina sindano." Tangu siku hiyo wanakikundi walikuwa wakisema hivyo kwa jirani yeyote aliyeuliza kwa nini hatununui bucha. Nyama yetu haina sindano.

Ng'ombe tulimtafuta kwa mjomba wangu, kaka yake Mama, mwenye shamba Nyabushozi katika wilaya ya Kiruhura. Mwezi wa Novemba Mama alimtumia arubuni ya 500,000, akamchagua maksai mkubwa mweusi kwa picha ya simu. Bei ilikuwa milioni mbili kamili, na 208,000 zilizobaki tulizipangia kibali cha kusafirisha, pikapu, mkaguzi wa nyama na mchinjaji. Kibali hutolewa na ofisi ya mifugo ya wilaya. Ugonjwa wa miguu na midomo ukiingia, karantini inawekwa na hakuna mnyama anayetoka, uwe umelipa au hujalipa. Tuliomba Mungu, karantini haikuwekwa.

Tarehe 20 Desemba nilipanda gari kwenda kumleta. Mjomba alinipokea vizuri, nikapewa maziwa, na jioni nikaenda zizini na kijana mchungaji. (Mwalimu wetu alipotufundisha kwamba "mchungaji" ni wa mifugo na pia ni wa kanisa, darasa zima la watu wa magharibi lilicheka, kisha likanyamaza.) Maksai wetu alikuwa na afya, mgongo umejaa, macho mazima. Nikamsifu. Kijana akasema, bila nia yoyote mbaya, "Ndiyo, sasa amepona. Wiki iliyopita tulidhani atakufa."

Alinieleza kwamba ilikuwa ndigana baridi. Ugonjwa huo huletwa na kupe, na dawa yake ni oksitetrasaiklini, sindano ya msulini. Chupa ilikuwa bado inaning'inia kwenye mfuko wa plastiki juu ya nguzo ya kibanda. Niliishusha nikaisoma kwa taa ya simu. Mtengenezaji alikuwa ameandika waziwazi: asichinjwe kwa nyama kabla ya siku 28. Sindano ya mwisho ilikuwa tarehe 11. Nilihesabu kwa vidole kama mtoto. Siku 28 zingeishia tarehe 8 Januari, nasi tulitaka kuchinja tarehe 23 Desemba.

Usiku ule sikulala vizuri. Nataka niwe mkweli hapa, maana ni rahisi kujifanya shujaa katika insha. Wazo langu la kwanza lilikuwa kunyamaza. Nilijua hakuna ambaye angeanguka chini kwa kula nyama ile. Madhara ya mabaki ya dawa ni ya polepole. Vijidudu huzoea dawa iliyomo katika chakula, hata siku mtu anapougua kweli na kupewa dawa, haimsaidii. Nani angejua? Mjomba ni mjomba. Yeye ndiye aliyelipa ada yangu ya muhula wa kwanza baba alipofariki. Na kijana mchungaji angefukuzwa kazi kwa sababu ya mdomo wake. Upande wa pili kulikuwa na maneno yale, haina sindano, ambayo nilikuwa nimesaidia kuyasambaza.

Usiku huohuo nilianza pia kuelewa kwamba nilikuwa nimejivunia jambo lisilo na uzito. Nyasi hazikuwa swali letu. Kwetu nyasi ziko kwa kila ng'ombe, mzuri na mbaya, na haziwezi kumtofautisha mmoja na mwingine. Swali letu ni kupe. Wafugaji wengi wamechanganya ng'ombe wa Ankole na Friziani ili wapate maziwa mengi, na machotara hao hawavumilii magonjwa ya kupe kama wenyeji wanavyovumilia. Kupe nao wameizoea dawa ya kunyunyizia, hivyo wafugaji wanaongeza nguvu ya dawa, wanachanganya mbili tatu, na wengine wanadiriki kunyunyizia hata dawa ya kuulia wadudu wa mazao. Mfugaji anayefanya hivyo si mtu mbaya, ana deni benki na ng'ombe wanaokufa. Lakini ukimtazama ng'ombe wake akichunga kwenye nyasi za kijani utaona picha ileile anayoipenda binamu yangu wa Waltham. Sindano haionekani kwenye picha.

Asubuhi nilimpigia Mama kabla ya Mjomba kuamka. Nilidhani atalia. Aliuliza jambo moja tu: "Umeisoma chupa kwa macho yako?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi sema umeiona wewe. Huyo mtoto wa watu usimtaje."

Nilimwamkia Mjomba, nikasubiri anywe chai, ndipo nikamwambia kwamba nimeona chupa ya dawa zizini na nimeisoma. Alinitazama kwa muda mrefu. "Ng'ombe amepona," akasema. "Anakula, anakunywa. Ulitaka nimwache afe ili muwe na nyama safi?" Sikuwa na jibu, kwa sababu alikuwa na haki. Kumtibu mnyama si kosa. Nikasema, "Hapana, Mjomba. Ulifanya vyema kumtibu. Ila tungeomba utuambie." Akajibu kwamba katika miaka thelathini ya kuuza ng'ombe hakuna mfanyabiashara aliyewahi kumwuliza habari ya sindano, na sasa mtoto wa dada yake ambaye yeye mwenyewe alimsomesha ndiye anayekuja kumkagua.

Maneno hayo yaliniuma kuliko angenipiga. Nilipiga magoti, kama tunavyofanya kwetu mtu anapoomba radhi kwa mkubwa, lakini sikuyafuta niliyosema. Nikamwomba atupe ng'ombe mwingine.

Alikuwapo maksai mwingine, wa rangi ile ya damu ya mzee tunayoiita bihogo. (Kinyankore kina majina mengi ya rangi za ng'ombe. Darasani nilipojaribu kuyatafsiri nilibaki na "mwekundu", "mwekundu kidogo" na "mwekundu sana".) Huyu alikuwa Ankole halisi, pembe kama matawi, mdogo wa mwili, hajaugua mwaka ule. Mjomba alimpenda. Alitaja milioni mbili zilezile. Mama alizungumza naye kwa simu karibu saa nzima. Sikusikia walichoambiana, ila mwishowe bei ikawa 1,850,000. Mjomba aliingia ndani na hakutoka kutuaga pikapu ilipoondoka.

Tulimchinja tarehe 23 kwenye machinjio madogo ya mtaani. Alichinja ndugu yake Hajati, ili nyumba zote kumi na mbili ziweze kula bila shaka moyoni, na mkaguzi akagonga mhuri. Nyama ilikuwa kilo 132. Yule mweusi angetoa kama 168. Kwa hiyo kila nyumba ilipata kilo 11 badala ya 14, na watu wanajua kupiga hesabu ya kutoa. Tulitandika majani ya migomba, tukapanga mafungu kumi na mawili, kila fungu na kipande cha mbavu, mnofu, ini, utumbo na mfupa wa supu. Mtoto mmoja aligeuzwa mgongo, mtu akagusa fungu na kuuliza, "Hili la nani?" Mtoto akataja jina. Hakuna njia bora ya kuzuia ugomvi, ingawa siku ile haikuuzuia wote.

Kabla ya kugawa niliwaeleza kila kitu. Sikutaja jina la Mjomba wala la kijana, lakini kila mtu alijua tulikonunua. Mwendesha bodaboda alisema afadhali angekula kilo 14 zenye sindano, maana yeye mwenyewe amechomwa sindano nyingi na bado anaendesha. Watu walicheka, naye hakuwa anatania. Mzee mmoja alilalamika kwamba mafuta ni ya njano, akidhani ng'ombe ni mzee. Nikamweleza kwamba rangi hiyo hutokana na majani mabichi. Hakuniamini mpaka Hajati aliporudia maneno yaleyale. Mjane wa chapati hakusema kitu. Alichukua fungu lake, akanipa mkono, akaenda.

Na nyama ile, nisifiche, ilikuwa ngumu. Ng'ombe anayetembea siku nzima juani akitafuta nyasi ana misuli. Tuliichemsha saa tatu na mkaa ukaisha. Isitoshe, nyumba nyingi hazina friji, hivyo kilo 11 zinatakiwa kushughulikiwa siku hiyohiyo. Nyingine unachemsha kwa chumvi, nyingine unaitundika juu ya moshi wa jiko, nyingine unampelekea mama mkwe kabla haijaharibika. Hesabu yangu ya mwisho ilionyesha kwamba kilo moja, pamoja na gharama zote, ilitugharimu kama 15,600. Buchani wiki ile ilikuwa 16,000. Kwa tofauti ya shilingi 400 nilikuwa nimemkasirisha mjomba wangu. Tuligawana na masalio, 12,500 kila nyumba.

Baada ya mwaka mpya kijana mchungaji alinipigia. Hakufukuzwa. Alitaka kuniambia kwamba yule maksai mweusi aliondoka tarehe 22, siku moja baada yangu, kwenye lori la mfanyabiashara wa ng'ombe, kwa milioni mbili na laki moja. Lori lilikuwa linaelekea Kampala. Hakuna aliyeuliza kitu.

Nilimwambia Mama. Aliendelea kuchambua maharage, kisha akasema, "Hao nao wana watoto." Hatukuzungumza tena.

Mwisho wa Januari kikundi kilikutana. Nyumba mbili zimejitoa, moja mpya imeingia, kwa hiyo sasa tuko kumi na moja. Sanduku lina makufuli yaleyale. Waliuliza kama tutarudi Nyabushozi, na Mama akajibu kwamba tutarudi, kwani kaka yake hajakataa. Ila safari hii nitakwenda mwezi wa Novemba, nitaketi na Mjomba kama hatanifungia mlango, na nitabeba daftari la kuandika tarehe.