Kikaratasi cha Chenji Nacho ni Deni



Kuna wakati chenji iliadimika mtaani kwetu hapa Bujumbura. Mzazi akileta ada ya madrasa, sisi walimu tulikata kikaratasi, tukaandika kiasi kilichobaki na kutia saini. Mama mmoja akahama na kikaratasi chake. Hakutudai, nasi tukanyamaza.

Jambo hili linatukumbusha noti za dharura za Vita Kuu ya Kwanza, wakati Burundi, Rwanda na Tanganyika zilipokuwa koloni moja la Wajerumani. Manowari za Waingereza zilifunga pwani, pesa hazikuletwa tena kutoka Ujerumani kama zamani, na watu walizificha rupia za fedha majumbani. Kuanzia 1915, Deutsch-Ostafrikanische Bank ikachapisha noti humu humu koloni, kwa karatasi yoyote iliyopatikana. Mwaka 1916, karakana ya reli ya Tabora ikagonga sarafu za heller 20, na hata za dhahabu za rupia 15. Wabelgiji walipouteka mji huo Septemba 1916, Wajerumani waliendelea kurudi nyuma, na mwaka 1917 walitengeneza noti kwa kupiga mihuri ya mpira tu.

Tufikirie mtu aliyeuza mtama wake akapewa noti ile. Alishika ahadi tu. Vita vikaisha Novemba 1918 na utawala ule ukaondoka. Mwenye sarafu ya dhahabu alibaki na dhahabu yake. Mwenye karatasi, angemfuata nani? Maandishi yalikuwa yale yale, ila aliyeahidi hakuwepo.

Hapo ndipo tulipoona aibu. Wale walishindwa vita wakaondoka. Sisi tupo, mlango wetu ni ule ule, na saini ni yetu. Kila mwaka tunawafundisha watoto kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani inahusu kuandikiana deni. Sisi tuliandika vizuri, kisha tukasahau kulipa.

Alhamdulillah, tulimpata yule mama kupitia kwa jirani zake, tukampelekea haki yake na kumwomba radhi. Alicheka, akasema alishatusamehe zamani. Maneno hayo yalituuma kuliko kama angetugombeza.

Basi wazazi wetu, mwenye kikaratasi chetu nyumbani akilete, hata kama kimechakaa. Aliyekipoteza aje pia, daftari tunalo. Tusaidieni tulipe tukiwa bado tupo.

Wabillahi tawfiq.