Msiba Usio na Matanga

Mtu humjua mkewe lini? Siku ya posa, siku ya harusi, au siku anayoitwa chumba cha maiti kuutambua mwili wake?

Swali hilo hunirudia kila ninapoitazama The Constant Gardener, filamu ya mwaka 2005 iliyoongozwa na Fernando Meirelles kutokana na riwaya ya John le Carré. Justin Quayle, ofisa wa ubalozi wa Uingereza jijini Nairobi, ni mtu wa bustani. Hana maswali mengi. Maua yake yanamtosha, mpaka mkewe Tessa anapouawa karibu na Ziwa Turkana.

Ralph Fiennes anamwigiza mfiwa asiyelia. Machozi yanamsubiri London, katika nyumba ya mkewe iliyokaa bila mtu. Kwa nini huko? Labda kifo alikiona Nairobi, lakini pengo analikuta huko London, penye vitu alivyovigusa marehemu na ambavyo havina habari kwamba ameondoka.

Kisha anaanza kumtafuta. Tessa, aliyeigizwa na Rachel Weisz hadi akatunukiwa Oscar, alikuwa akiifuatilia Dypraxa, dawa ya kifua kikuu iliyokuwa ikijaribiwa kwa maskini wa Kenya. Waliokufa walifutwa kwenye kumbukumbu ili biashara isichelewe. Kila karatasi anayoifunua Justin inamfunulia mke ambaye hakuwahi kuketi naye mezani. Alimshuku usaliti; kumbe ukimya wake ulikuwa wa kumkinga yeye. Huko ni kumpata mtu, au ni kufiwa mara ya pili? Na penzi linalokomaa baada ya mazishi, analila nani?

Sina jibu. Ninachobaki nacho ni wodi moja.

Tessa amejifungua mtoto mfu. Kwenye kitanda cha jirani, Wanza Kilulu, binti mdogo tu, anakata roho. Tessa amempakata mtoto wa Wanza, anamnyonyesha. Maziwa ya aliyekwisha kuondoka yanamlisha mtoto wa anayeondoka, na hakuna anayesema neno. Wanza anapofariki, nduguye Kioko anakibeba kichanga na kushika njia kwa miguu. Tessa anataka wapewe lifti. Justin anasema wenye shida ni wengi mno. Tessa anamjibu kwamba hawa wako mbele yao, na wanaweza kuwasaidia. Gari linapita.

Ni nani kati yetu ambaye gari lake halijawahi kupita?

Dypraxa ni dawa ya kubuni. Lakini mwaka 1996 huko Kano, Nigeria, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer iliwafanyia watoto wapatao 200 jaribio lililohusisha dawa yake ya Trovan. Kumi na mmoja walikufa. Familia zilidai hazikuelezwa kwamba hilo ni jaribio. Kampuni ilikana, ikasema kilichowaua ni ugonjwa wenyewe. Mwaka 2009 ilikubali kulipa dola milioni 75 kuimaliza kesi na jimbo la Kano. Kiasi hicho kinapima nini? Umri ambao mtoto angeufikia? Sauti yake anapoitwa naye akaitika?

Naipenda filamu hii, na bado ninaidai. Inampa Justin muda wote wa kuomboleza, na ziwa zima la kwenda kufia kandokando yake. Kisha anafanyiwa ibada ya kumbukumbu London. Lakini habari ya kwanza ya kifo cha Tessa ilitaja maiti mbili: mwanamke mzungu na dereva mweusi. Dereva yule naye alikuwa na kwao. Hatuonyeshwi mlango wake, wala mama yake, wala aliyepeleka taarifa nyumbani. Kaburi lake halimo ndani ya filamu.