Tundu na Mhimili

Watu wengi hudhani kuwa useremala ni kazi ya nguvu na mazoea. Miaka niliyofundisha ufundi wa mbao katika chuo cha ualimu imenionyesha kuwa kipimo hutangulia na nguvu hufuata nyuma. Ushahidi mkubwa wa neno hili nimeuona penye mashine ya kuchonga kingo za mbao, ambayo mafundi huiita spindeli.

Mashine hiyo ni meza ya chuma yenye mhimili mmoja uliosimama wima katikati yake. Mhimili huvishwa kisu cha duara chenye meno mawili au zaidi, nati hukazwa juu yake, na mota huuzungusha mara elfu kadhaa kwa dakika. Ubao ukipitishwa kando ya kisu hutoka na ukingo wenye umbo zuri, tayari kwa fremu ya mlango au dirisha.

Kila kisu kina tundu, na kila mhimili una unene wake. Mihimili ya Ulaya aghalabu ni ya milimita 30. Ya Marekani hupimwa kwa inchi: nusu inchi, robo tatu, inchi moja, au inchi moja na robo. Tangu mapatano ya mwaka 1959 inchi moja ni milimita 25.4 kamili, kwa hiyo inchi moja na robo ni milimita 31.75. Vipimo hivi viwili, 30 na 31.75, hufanana machoni kama ndugu, na katika mfanano huo hatari hujificha.

Mwaka mmoja darasa langu lilikuwa likitengeneza milango ya shule ya jirani. Mhimili wetu ulikuwa wa milimita 30, na kisu tulicholetewa kilikuwa na tundu la inchi moja na robo. Mwanafunzi mmoja, hodari wa kazi, alikivisha kikateremka bila taabu. "Mwalimu," akasema, "kimeingia chenyewe. Kilichobaki ni kukaza nati." Mwenzake akashauri tuzibe nafasi kwa kipande cha bati. Milango ilikuwa ikingojewa, na mvua zilikuwa karibu.

Niliwataka washike kalamu kabla ya spana. Nafasi yote ni milimita 1.75. Kisu kikiegemea upande mmoja, katikati yake huwa mbali na katikati ya mhimili kwa milimita 0.875. Jino moja hutokeza zaidi na kubeba kazi yote, na jingine hukata hewa. Tena, kisu cha kilo 1 kikizunguka mara 6,000 kwa dakika katika hali hiyo huuvuta mhimili kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 35 hivi, na mvuto huo huuzunguka mhimili mara 100 kila sekunde. Mwendo ukiongezwa maradufu, nguvu huwa mara nne. Mhimili hutikisika, nati huweza kulegea, na kisu kilichoponyoka hakichagui kifua cha kuingia. Bati haliponyi ugonjwa huu, kwani hupondeka, wala haliwi na unene mmoja pande zote.

Dawa ni mbili tu: kisu chenye tundu la kipimo cha mhimili, au bushi ya chuma iliyochongwa kwa usahihi, ndani milimita 30 na nje 31.75. Hata hivyo, urefu wa bushi usizidi unene wa kisu, ama sivyo nati itaibana bushi na kukiacha kisu huru. Na mwendo wa mashine usipite ule ulioandikwa juu ya kisu.

Tuliagiza bushi, tukangoja majuma matatu. Mkuu wa shule ile alinung'unika, na alikuwa na haki, maana mvua ya kwanza iliingia madarasani mwake. Jambo hilo lilinihuzunisha. Lakini wanafunzi wale sasa ni walimu, na kila mmoja wao angali ana vidole vyake kumi vya kushikia chaki.

Nanyi vijana mtakaoshika vyombo vya kazi, kumbukeni kuwa kuingia si kulingana. Jicho huridhika upesi. Kipimo hakiridhiki mpaka kipate haki yake. Kipeni haki hiyo kabla hamjawasha mota.