Darubini ya Mjomba

Mjomba anaishi Liège, Ubelgiji. Jumapili huenda klabuni kulenga shabaha za karatasi. Aliniomba nimsaidie kuchagua darubini ya bunduki, ya bei nafuu. Mimi ni wa Bukavu: bunduki naijua kwa kulala sakafuni. Nilikubali shingo upande.

Nilidhani bora ni ile inayokuza sana. Sivyo. Ya bei ndogo ikikuza mara 24, mara nyingi huonyesha ukungu. Afadhali vioo safi vya mara 10. Kisha kuna gurudumu la kurekebishia: katika nyingi, kila mlio husogeza pigo sentimita 1 kwa mita 100. Piga risasi moja, panda milio 20, piga, kulia 20, piga, shuka, piga, rudi kushoto, piga. Risasi ya mwisho ipite kwenye tundu la kwanza. Darubini isiyorudi ilipoanzia haifai, hata ikiwa rahisi.

Mjomba aliazima ya mwenzake, akaijaribu, akanitumia picha: risasi tano, matundu manne. Nilimwonyesha mama.

“Na nyuma ya karatasi kuna nani?”

“Hakuna mtu, mama. Ni udongo tu.”

“Basi ainunue,” akasema, akaendelea kutwanga sombe.